Kanda Iliyotaja Njia ya Mtoni

Nilipohamishiwa kwenye chumba cha makusanyo maalumu cha maktaba ya chuo chetu, hapa Mtwara, wenzangu walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Chumba kiko nyuma, kina dirisha moja na feni inayolalamika, na unyevu wa bahari huingia humo usitoke. Kazi yangu ilikuwa kufungua maboksi ambayo hayakuguswa kwa miaka, kuorodhesha kilichomo, na kukiokoa kabla hakijaoza.

Katika boksi mojawapo nilikuta kaseti zimefungwa moja moja kwa magazeti. Mwalimu mmoja alizikabidhi chuoni alipostaafu. Enzi za ujana wake alizunguka vijiji vya kando ya Ruvuma akiwahoji watu waliokimbia vita Msumbiji. Fundi mmoja wa Magomeni, hapahapa mjini, alinifufulia redio ya kaseti, nikaanza kuzihamishia kwenye kompyuta huku nikiandika yanayosemwa. Mama yangu ni Mmakonde, hivyo lugha haikunipa shida.

Kanda ya tisa ilikuwa ya mwanamke. Alisimulia usiku waliovuka, yeye akiwa na mtoto mgongoni: wapi waliingilia, fungu gani la mchanga walikanyaga maji yalipokupwa, mkondo gani waliukwepa, na mikoko waliyojificha mpaka kukapambazuka. Aliongea kwa utulivu, kama anamwelekeza mgeni njia ya sokoni. Niliandika yote. Kwenye orodha ya maktaba, inayoonekana na msomaji yeyote, niliweka jina lake, kijiji chake na muhtasari: "Njia ya kuvuka kwa miguu karibu na mlango wa mto." Niliona nimefanya kazi nzuri.

Miezi michache baadaye ng'ambo kulichafuka tena. Tukasikia habari za vijiji vilivyochomwa, na watu wakaanza kuvuka kuja kwetu na magodoro kichwani. Wakati huo ndipo alipokuja yule bwana.

Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa ijapokuwa nje kulikuwa na matope ya masika. Alisalimia kwa adabu, akajaza fomu bila kuacha mstari.

"Dada, naomba kanda ya tisa."

"Zipo nyingine nyingi za vijiji hivyohivyo. Nikutolee?"

"Hapana. Hiyo tu."

"Unatafiti nini, kaka?"

"Historia."

"Historia ya nini?"

Alitabasamu. "Ya kupita."

Hakuwa na daftari wala kalamu. Simu yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi. Kazi yangu ni kumpa msomaji anachoomba, na kwa miaka yote sikuwahi kumnyima mtu hata karatasi. Siku ile mdomo ulinitangulia.

"Kanda hiyo imekatika. Iko kwa fundi."

Aliangalia nyuma yangu. Redio ilikuwa pale, na kanda ndani yake, namba tisa imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Tuliiona wote wawili. Akachukua simu yake taratibu.

"Haina shida," akasema. "Inshallah tutaonana."

Alipoondoka nilipiga namba aliyoiandika kwenye fomu. Alipokea mama mmoja fundi cherehani, yuko Masasi, hamjui mtu huyo. Nikaenda kwa mkuu wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Umemdanganya msomaji kwa sababu viatu vyake ni visafi?" Nikamwekea ile fomu mezani. Akasema, "Kama una shaka, kamuulize mwenye sauti. Yeye ndiye mwenye neno."

Wiki ile nilipanda bodaboda hadi kijijini kwake. Nilidhani nitaoneshwa kaburi, lakini nilimkuta uani akimenya mihogo, mkono wake una nguvu kunizidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe umetoka chuoni?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Juzi alikuja mwenzako. Kasema umemtuma wewe. Kanda imekatika, nisimulie upya."

Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umefika kabla yangu.

"Ukamsimulia?"

"Nikamsimulia. Vilevile nilivyosema zamani." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Ila mto haukai mahali pamoja, mjukuu wangu. Fungu lile lilishaliwa na maji. Pale sasa ni kina, na mamba wapo."

"Ulimwambia?"

"Hakuuliza."

Kuku walikuwa wanagombea maganda.

"Bibi, na kama alikuwa anatafuta ndugu zake?"

Hapo aliacha kisu. "Mtu anayetafuta ndugu hutaja jina. Nilimwuliza, unamtafuta nani? Akaniuliza maji yanakupwa saa ngapi."

Nilimtolea karatasi ya idhini, nikamsomea yote kwa Kimakonde. Alitaka kanda ifungwe maisha yake yote. Akifa, wajukuu waamue. Akaweka dole gumba. Nilipoaga aliniuliza kama sauti yake kwenye kanda bado ni ya kijana. Nikamwambia ndiyo. Akacheka kidogo, akarudi kwenye mihogo yake.

Kesho yake nilifuta jina, kijiji na muhtasari kwenye orodha, nikaifungia kanda kabatini. Yule bwana hakurudi maktaba, wala hakurudi kwa bibi. Fundi wetu wa umeme ana shemeji zake kule mtoni na huja na habari zote za huko kila Jumatatu: nani kaoa, nani kazama, boti ya nani imekamatwa. Kwa wiki nyingi, nilipomsikia anapanda ngazi, nilichukua kopo la chai nikatokea mlango wa nyuma, kabla hajafika kwenye nani kazama.