Likizo Iliyoliwa na Sanamu za Mongolia

"Likizo yako umeshaila, sista," Trevor akasema, akamgeuzia simu. "Si hii hapa? Mongolia, siku kumi na mbili."

Nyaboke akaitazama picha. Ilikuwa yake kweli: amesimama chini ya ngamia wawili wa saruji, meno yote nje, koti limejaa upepo. Picha za safari aliziweka WhatsApp mwenyewe, asijue kwamba Trevor, karani wa wakala aliyemwajiri na Mkenya mwenzake, alikuwa akizihifadhi moja moja.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Al Sadd, huku Uarabuni, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Nyaboke alikuja kuchukua barua ya likizo ya Januari. Miaka miwili hajakanyaga Kisii, na binti yake, Daisy, alikuwa anaingia shule ya bweni. Alimwahidi kwamba atamfikisha mwenyewe mpaka langoni.

"Ile ilikuwa kazi," akasema.

"Kazi gani ya kupiga picha na masanamu? Tena unacheka!"

"Kwani mtu akiwa kazini hacheki?"

"Sista, utaratibu ni utaratibu. Jaribu mwakani."

Nyaboke alikuwa muuguzi wa nyumbani wa Ustadh Jasim, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye kiharusi kilimnyang'anya miguu. Kwa miaka thelathini mzee huyo aliwafundisha watoto habari za nyika za Mongolia bila kuziona, na Septemba hiyo familia yake ikampeleka. Nyaboke alilala sakafuni kando ya kitanda chake kwenye mahema ya manyoya. Alimdunga insulini ndani ya gari linalorukaruka, na alimsafisha kando ya barabara mahali pasipo hata kichaka cha kujisitiri.

Hamu ya sanamu ilikuwa ya Ustadh. Katika nchi ile isiyo na miti, sanamu huonekana kutoka mbali: farasi wa mashindano aliyezungushiwa mafuvu ya farasi wengine, mwanamke wa jiwe aliyeinua bakuli la maziwa, dereva wa trekta wa zamani aliyebanduka pua. Kila walipofika, Ustadh husema, "Ya binti, nenda usimame pale nione ukubwa wake." Nyaboke hushuka na kusimama kwenye baridi, dereva humpiga picha, na mzee hupima kwa jicho kupitia dirishani. "Mara nne yako! Andika." Nyaboke alikuwa rula yake. Na ndiyo, alicheka, kwa sababu mzee alikuwa akifurahi kama mtoto.

Sasa rula hiyo ikaambiwa ilikuwa ikistarehe.

Alishuka ngazi bila kungoja lifti. Kituoni basi lake likapita asilione. Alipofika chumbani alimsimulia Hadijah, muuguzi Mganda waliyepanga naye. Hadijah hakushangaa hata kidogo.

"Hata mimi walinifanyia hivyo, niliposafiri na yule mama aliyekwenda kutibiwa. Wakanikata siku zote kumi na nne."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nikanyamaza."

Jibu hilo lilimchoma kuliko la Trevor.

Asubuhi, akimpima Ustadh presha, mzee akamwambia, "Leo unanibana mkono." Hakukusudia kumweleza, lakini yakamtoka yote.

"Wamesema ulikuwa ukitalii?"

"Ndiyo, Ustadh."

"Niletee viatu vyangu."

Dereva wa nyumbani akawapeleka. Kiti cha magurudumu kilipoingia ofisini Trevor aliruka kama aliyekalia moto, akaagiza chai. Ustadh akaikataa.

"Picha zile niliziagiza mimi," akasema. "Huyu alisimama kwenye baridi kwa sababu mimi siwezi kusimama. Ulitaka alie?"

Nyaboke akaweka mezani daftari lenye sukari, presha na dawa za kila siku ya safari, na saa zake. Trevor akalifunua, akaingia kwa meneja, na baada ya nusu saa akatoka na barua yenye muhuri.

"Samahani, sista. Nilikuwa nafuata utaratibu tu."

"Usiniite sista. Ningekuwa dada yako, ungeniuliza kwanza."

Alidhani barua ingempoza moyo. Haikumpoza. Kwamba ile ilikuwa kazi, hilo halikuwa jipya. Nyaboke mwenyewe alilisema jana, katika chumba hiki hiki, likawa si kitu. Badala ya kuondoka, akavuta kiti akakaa.

"Yuko mwenzangu mliyemkata siku kumi na nne. Hadijah."

"Huyo aje mwenyewe," Trevor akajibu, macho kwa Ustadh.

"Niangalie mimi. Anayekuuliza ni mimi. Akija, utamsikiliza?"

Trevor akamwangalia. Akachukua kalamu, akaandika jina.

Hadijah alikubali kwenda, lakini hakujibiwa wiki ile wala iliyofuata. Walipanda ngazi zile mara nne pamoja, na mara nne wakaambiwa meneja hayupo. Mara ya tano Nyaboke alikuwa Kisii, amebeba godoro la Daisy kuelekea bwenini, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Hadijah, kali, ambayo hajawahi kuisikia.

"Nimewaambia siondoki mpaka waandike. Wameandika. Lakini wameandika kumi na mbili, Nyaboke! Kesho narudi kuzidai mbili zangu."