Trei ya Silabi Sita

Hospitali nzima tulimwita Mama Koleo, na hakukasirika. Miaka kumi na tisa amepokea vyombo vya upasuaji vikiwa na damu, akaviosha, akavichemsha kwa mvuke, akavipanga kwenye trei. Chombo kikianguka, hata kama ni koleo dogo, kinarudi kuoshwa na trei nzima inapangwa upya. Hapo hana mjadala na mtu. Mimi nafua mashuka chumba cha pili, tumetenganishwa na ukuta tu.

Mwaka jana alikosa usimamizi wa kitengo kwa sababu ya neno moja. Usaili ni wa Kiingereza, na kitengo chetu kinaitwa decontamination, yaani kutakasa vyombo. Alipolifikia, ulimi ukamganda, na nafasi ikaenda kwa kijana ambaye Mama Koleo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuvaa glavu. Sasa kijana amehama, nafasi iko wazi tena, na Mama Koleo amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akikosa tena, basi. Iliniuma, sifichi.

Binti wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, akaja saa ya chakula.

"Shangazi, usilimeze zimazima. Lipange kama vyombo vyako."

Akachukua trei kuukuu, akaweka chombo kimoja kimoja, kila kimoja na silabi yake: di, kon, ta, mi, nei, shen. Kwenye nei aliweka nyundo ya mifupa.

"Uzito uko hapa, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama unavyosema neno 'habari'."

"Kumbe! Mimi mzigo wote niliubebesha mwanzoni."

Wiki mbili sikupata amani, alivyokuwa akikariri ng'ambo ya ukuta. Nilikunja mashuka kwa di-kon-ta-mi mpaka nikaota.

Siku ya usaili nilipeleka vitambaa vya meza kwenye chumba kile, nikajikawiza makusudi. Umbea ndio starehe yangu. Alipoulizwa jina la kitengo, Mama Koleo akaomba kalamu tano na muhuri. Akaweka ya kwanza: "Di." Ya pili: "Kon." Ya tatu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Bwana wa utumishi akainama kumwokotea.

"Iache, baba. Naomba nyingine."

Akaondoa zote mezani ili aanze upya. Nikasema moyoni, kwisha kazi.

Daktari wa upasuaji, aliyekaa katikati, akacheka. "Mama, hiyo si kalamu tu?"

"Ni kalamu, Daktari. Lakini mkono huu ukizoea kuokota, siku moja utakuokotea kisu, na wewe hutajua."

Daktari akaacha kucheka. Akatoa kalamu yake mfukoni, akaifuta kwa leso, akampa kwa mikono miwili.

"Di. Kon. Ta. Mi." Muhuri ukagonga meza. "Nei!" Kisha, taratibu, "shen."

Bwana wa utumishi akapekua orodha yake, akauliza kama wamwite anayefuata.

"Huyo mwambie aende nyumbani," alisema Daktari.