Mgonjwa wa Mwalimu Jeruto

Mimi sipendi mtu anisifie mpangaji wangu, maana mpangaji wangu namjua mwenyewe. Mwalimu Jeruto alikaa katika chumba changu cha uani, hapa Kipungani, miaka saba, na kwa muda wote huo sikuwa na lawama naye ila moja tu, kabichi. Asubuhi kabichi, jioni kabichi, na samaki wanapita mlangoni wangali wanatapatapa. Nilimsema siku ya kwanza tu. Akacheka, akanikatia kidogo nionje, na haikuwa mbaya, lakini hilo sikumwambia.

Alikuja wakati wa masika, kutoka bara, Kapsabet huko, mwanamke mrefu, viatu mkononi kwa sababu ya tope la pwani. Walimu wa bara tulishawazoea. Wakishuka chomboni hutazama kushoto na kulia, wauliza mtandao unashika wapi, na muhula ukiisha ndio kwaheri. Huyu alirudi. Akarudi tena. Akajifunza kusema mui na ndia kama sisi, si mji na njia, akawa akipita msikitini ajitanda mtandio bila kuambiwa na mtu. Jumapili alikuwa akienda Lamu mjini kanisani, na bahari ikichafuka aimba peke yake chumbani, nami niko jikoni namsikiliza, Mungu anisamehe, kwa raha zangu.

Na watoto wetu walisoma. Nasema walisoma kwa kuwa zamani walikuwa wanakwenda shule tu, kusoma hawasomi. Mjukuu wangu Umi alichukua karatasi ya dawa yangu ya presha akanisomea neno kwa neno, ndipo nikajua nilikuwa naimeza kinyume siku zote hizo. Kwa hiyo mwalimu akipita, hata kina mama wenye midomo mirefu kuliko mimi walikuwa wanampisha.

Sasa Desemba iliyopita hakwenda kwao. Alikwenda Nairobi kwa Valary, rafiki yake waliosoma chuo pamoja, akarudi Januari mtu mwingine kabisa. Si kwamba alikuwa na kiburi, la. Alikuwa na mawazo. Tukikaa ukumbini kwangu kushona mikeka, yeye huja na kiti chake, atusimulia Nairobi, na sisi twampimia. Ikawa ndiyo kazi yetu ya alasiri, kupima Nairobi.

Alisema Valary anakaa ghorofa ya tano katika chumba kimoja, kitanda, jiko na sinki vyote vyatazamana, na kodi yake inameza karibu nusu ya mshahara. Maji hununuliwa kwa mitungi, hupandishwa na kijana kwa mgongo, na huyo naye analipwa. Nauli asubuhi ni hii, mvua ikinyesha ni nyingine. Sukuma wiki inauzwa kwa kuhesabiwa majani. Bi Shifaa, jirani yangu, ambaye ndiye hutuongoza wanawake katika visomo, akauliza je, mtu akibanwa na haja akiwa kati ya mji? Mwalimu akasema analipa, kisha anaingia. Tulicheka mpaka ukili ukatuponyoka mikononi. Bi Shifaa akasema mji wa kulipia haja ndogo si mji, ni adhabu.

Lakini mwalimu hakucheka sana. Akasema vilevile kuna chuo kikuu kinachosomesha jioni, mtu atoka kazini aenda kusoma shahada ya pili. Kuna kwaya ya watu mia. Kuna hospitali unayoifikia kwa miguu. Na kuna jambo jingine, akasema taratibu akitazama chini, kwamba Nairobi unaweza kutembea siku nzima asikuulize mtu watoka wapi.

Hapo sisi hatukumwelewa, au tulijitia hatumwelewi. Mimi nilipolala nilimwelewa. Kwa haki, sisi tulimpa nini? Chumba cha bei ya huruma, ndiyo, na maji ya kisima, na samaki, na nazi. Lakini alipopatwa na homa ile kali, boti ya kumpeleka hospitali haikuwa na mafuta, akangoja siku mbili anatetemeka chini ya mablanketi yangu. Na alipotembelewa na yule mwalimu wa Mokowe, mwanamume mstaarabu tu aliyekuja kuleta vitabu, kabla hajanywa chai Kipungani nzima ilikuwa yajua rangi ya shati lake. Niliyepeleka habari ni mimi. Yule bwana hakurudi tena. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye akili zake, ana haki ya kuletewa vitabu.

Basi mwezi wa tatu akapata uhamisho. Tulisikia shuleni kabla hajatuambia, na tulikasirika, kwa nini nifiche? Bi Shifaa alisema huyu amekula samaki zetu, sasa anakimbilia kwenye kabichi zake. Mimi nikamngoja pale uani nimejifunga kibwebwe. Alipoingia, nikamuuliza ni kweli anatuhama. Akasema ni kweli. Nikamuuliza tumemkosea nini. Akasema mamake ni mgonjwa sana, ameletwa Nairobi kutibiwa, na hana mtu wa kumuuguza ila yeye.

Hasira yangu ikayeyuka papo hapo. Nilimkumbatia, nikamlaumu kwa kunyamaza na msiba mkubwa kama huo, nikatoka mbio kwenda kumwambia Bi Shifaa. Tuliona haya sisi, tena haya kubwa, kwa yale tuliyomsengenya. Na watu wa kwetu wakiona haya hawatulii mpaka wamefanya jambo.

Ijumaa tukakusanyika nyumbani kwangu baada ya Alasiri, tumsomee Yasini mama wa mwalimu. Mtu asiniulize kama ni Mkristo. Ugonjwa hauulizi. Tulifukiza ubani, tukapika mahamri na kahawa, na mwalimu tukamketisha katikati na mtandio wangu wa heshima kichwani. Kabla ya kuanza, Bi Shifaa akamuuliza jina la mgonjwa na jina la mama aliyemzaa, maana kwetu mgonjwa huombewa kwa jina la mamake. Mwalimu akauvuta mtandio mbele. Bi Shifaa akauliza tena. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliye karibu niliisikia kwa shida, anaitwa Rael, na mamake aliitwa Tapkigen. Na kila tulipofika penye "Raeli binti Tapkigen" tukaitikia amin, yule mwanamke alikuwa akilia kwa kwikwi, mabega yakimtikisika. Tukasema maskini, ampendavyo mamake.

Tulipomaliza, Bi Shifaa alikuwa na kombe tayari, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, akazitia kwenye chupa mgonjwa akanywe. Wengine wakatoa mkeka mpya wa kulalia, mlaini, kwa kuwa magodoro ya hospitali yanachoma mgongo. Kisha likaja lile la mwisho. Kwetu mtu akiuguliwa hatumtumii salamu tukakaa, huendewa. Tungekwenda sote, lakini Nairobi ni mbali na ni ghali, kwa hiyo aende mmoja kwa niaba ya wote. Mikeka iliyokuwa ikingoja mnunuzi ikauzwa siku ileile kwa bei ya kutupa, nauli ikapatikana, nikachaguliwa mimi.

Mwalimu alikataa. Alisema tusijisumbue, barabara ni ndefu, chumba cha Valary ni kidogo, Nairobi hata maji yananunuliwa. Alikuwa kama anayetuomba tusimpige. Bi Shifaa akamjibu kwamba sisi hatukumuuliza bei. Nami nikasema nitalala chini, na chakula nitabeba changu, na haja nitazilipia. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Tukavuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara mabasi yanakoanzia, alfajiri ya Jumapili. Njia nzima alitazama maji. Mimi ndiye niliyesema, nikimpa moyo, nikimhesabia wagonjwa wote niliowajua waliopona. Tulipofika stendi, basi limeshawasha moto na mizigo yapandishwa juu, akanishika mkono kwa nguvu.

"Bi Mwanamkisi, usipande," akasema. "Mama haumwi."

Kwanza sikumwamini. Nilidhani jambo jingine kabisa. Kwetu mtu akifiwa yu mbali, mwenye habari humficha njiani, humwambia yu mgonjwa tu, mpaka afike. Nikajua basi, mama amekwisha kufa, na mwalimu hataki nisumbuke na safari ya kwenda kumtazama maiti. Nikaanza kusema inna lillahi. Akanikatiza. Akasema mamake yu hai, yuko kwao Kapsabet, pengine saa hizi atoka kukama ng'ombe, hajapata kuugua, hajapata kufika Nairobi kwa matibabu wala kwa matembezi.

"Sasa kwa nini?"

"Niliona aibu," akasema. "Mlikuwa mnanipimia Nairobi kila siku na kila siku inashindwa. Mmenipa kila kitu mlicho nacho. Ningewaambia vipi kwamba nimepima mwenyewe, nikaona hakitoshi?"

Nilitamani kumzaba kibao pale mbele ya makuli. Wallahi mkono uliinuka. Nilikumbuka mikeka iliyotupwa sokoni, nikamkumbuka Bi Shifaa, na magoti yake mabovu, alivyokaa chini alasiri nzima. Lakini nilikumbuka pia nilivyomngoja uani nimejifunga kibwebwe, nikimuuliza tumemkosea nini. Mtu aliyeulizwa vile angejibu nini? Mkono ukashuka. Hata hivyo bado nilikuwa na shaka ya ile maiti, na mimi shaka siiwezi. Nikamwambia nipigie mamako sasa hivi, nimsikie mwenyewe. Akasihi sana nisifanye hivyo. Kadiri alivyosihi ndivyo nilivyoamini kuwa mama amekufa. Nikanyosha mkono, nikangoja, mpaka akapiga.

Simu yake ni ya sauti kubwa, kila neno lilitoka nje. Aliitika mwanamke mkavu, mzima, mwenye haraka ya kazi, nyuma yake ndama analia. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni Mwanamkisi wa Kipungani, ninayempangisha mwanawe. Ghafla sauti ikalainika.

"Ni wewe ule mama wa nyumba?" akasema kwa Kiswahili chao cha bara. "Asante Yesu. Tulikuombea kanisa yote Desemba. Jeruto alisema umelala kitandani, hauwezi kuinuka, na hauna mtu, ndio hakukuja nyumbani Krismasi. Tulifunga hata siku mbili, sisi kina mama. Sasa umepona?"

Nikamtazama mwalimu. Alikuwa ameketi juu ya begi lake katikati ya stendi, watu wampita huku na huku, uso ameuficha kwenye magoti. Nilikuwa nimeugua Kapsabet nami sina habari. Wanawake nisiowajua walikaa na njaa kwa ajili ya mgongo wangu huu mzima.

"Nimepona, dada," nikasema. "Nawashukuru sana kwa maombi."

Akamsifu Mungu kwa muda mrefu, na mimi kila sifa ilinichoma. Kisha akasema yeye hana neno, ni magoti tu, ila kama mimi nimeshapata nguvu, basi nimruhusu huyo mtoto aende kwao hata siku moja, maana ni miaka mitatu hajamuona, na kila akiuliza huambiwa watu wa Lamu bado wanamhitaji. Mimi likizo zote za nyuma nilidhani yuko kwao, lakini nikamwambia nimemruhusu. Nikakata simu.

Dereva alikuwa anapiga honi. Nikamwinua mwalimu kwa kwapa, nikamtia mkeka mkononi na ile chupa ya kombe juu yake. Akasema hawezi kuvichukua. Nikamwambia vimesomewa jina la mamake, ni vya mamake, mimi na yeye hatuna ruhusa navyo, na akifika Nairobi asishushe hata begi, aunganishe mpaka kwao akavifikishe kwa mkono wake na aseme mwenyewe vimetokaje. Nairobi itamngoja, kodi na yote. Alitaka kunibusu mkono, nikauvuta. Nilikuwa bado nina hasira, na nilikuwa nataka kulia, na sikutaka anione.

Nilirudi na boti ya adhuhuri. Walikuwa wamejaa ukumbini kwangu, wameshtuka kuniona mapema, Bi Shifaa ameshika shavu, wakidhani tumechelewa na mgonjwa ametangulia. Wakauliza wote kwa pamoja, mama wa mwalimu je?

"Hajambo," nikasema. "Nimesema naye kwa simu, mzima kabisa. Mwalimu akaniambia nisijichoshe na safari."

Hakuna neno la uongo hapo, mtu na alipime. Lakini Bi Shifaa alipiga magoti palepale, yale magoti yake mabovu, akasujudu, akainuka machozi yamtiririka, akasema dua imepokelewa. Wenzake wakapiga vigelegele. Ijumaa hii tunasoma ya shukrani, na wameshakata shauri kuwa niketi mbele, kwa sababu mimi ndiye niliyeisikia sauti ya mgonjwa.