Mstari wa Mtoni

Jamani, leo nimevuna mpaka nimeona aibu.

Asubuhi nimetoka Makambako nikaenda Kichiwa kuvuna mahindi ya mama. Ni mavuno ya kwanza tangu tumzike.

Nikawaambia vibarua wasiache hata hindi moja. Kufika mchana, shamba jeupe. Nikapiga na picha, najisifu.

Ndipo akaja Bibi Sikitu, jirani yetu mjane, na kikapu kitupu.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu, akapitiliza hadi mstari wa mwisho, kule mtoni.

Akasimama. Akatazama mabua matupu.

Nikamkimbilia na debe la mahindi. "Bibi, pokea haya."

Akatikisa kichwa.

"Sikuja kupewa, mwanangu. Nimekuja kuvuna. Mama yako hakuwahi kunipa hata hindi moja. Alikuwa ananiachia mstari huu."

Akaondoka na kikapu chake kitupu.

Na Jumapili tu hii padre alihubiri habari za Ruthu, alivyookota masazo shambani kwa Boazi. Aliyeitika Amina kwa sauti kuliko wote ni mimi!

Bado nimekaa hapa mtoni, baridi inaingia. Natamani mama angekuwepo, nimuulize na mengine aliyokuwa anayafanya bila kusema.

Kwenu nani bado anaacha mstari? Niambieni.

Mimi nilijua shamba letu linaishia mtoni. Kumbe kwa mama lilikuwa linaishia mstari mmoja kabla.