Istikhara, ndoto ya ndoo na ukuta wa Michenzani: nilivyochagua chuo cha kusoma Fizikia

Wakuu, assalaam alaykum, na wale wa salamu nyingine, habari za jioni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimetoka nje kidogo, kwa sababu matokeo ya kidato cha sita yametoka na kila nikifungua jukwaa la elimu nakuta swali lile lile: "Nataka kusoma digrii ya Fizikia, chuo gani kizuri?"

Na majibu ni yale yale: "Fizikia utakula nini?" na "Soma afya, dogo."

Mimi nimeisoma hiyo Fizikia. Nimehitimu, niko nyumbani Michenzani, natafuta kazi, na njaa bado haijaniua. Nitakayoyasema yamenipata mwenyewe, chumvi sijatia. Pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikitumwa mkate wa boflo, njiani nishajiuliza kama wa mofa haungefaa zaidi. Nikirudi na wa mofa, nakula huku nauwaza wa boflo.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe vyuo viwili, mwambie achague kimoja.

Ilikuwa hivi.

Nilimaliza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nikaomba vyuo, viwili vikanikubali. Cha kwanza kiko hapa hapa Unguja, kidogo, digrii ya sayansi pamoja na ualimu, Fizikia ikiwa somo kuu. Cha pili kiko Dar, kikubwa, Fizikia tupu bila ualimu. Majina sitaji, msinifuate PM kwa ujumbe wa faragha.

Kwa wasioujua utaratibu: ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja, unaletewa namba maalumu ya kila chuo kwenye simu, unaingia kwenye mfumo na kuthibitisha chuo kimoja tu. Dirisha likifungwa hujathibitisha, nafasi anapewa mwengine.

Dirisha langu lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Dar niliitamani tangu kidato cha tatu, na sababu yake ni ukuta. Msicheke.

Chumba changu kimeelekea magharibi, kwenye yale majumba marefu ya Michenzani. Jua la alasiri linaupiga ukuta wangu kwa nje. Wakati huo ukiugusa kwa ndani, uko kawaida tu. Jua likishazama, watu wakishasali magharibi, ndipo unapoanza kuwaka. Mpaka isha unaweza kupiga pasi.

Kwa bibi, Mji Mkongwe, kwenye kuta nene za mawe na chokaa, jambo hilo halipo kabisa.

Tangu mdogo najiuliza: jua lishaondoka, hili joto lilikuwa wapi muda wote huo? Nilimuuliza mwalimu sekondari, akanijibu kuwa hilo halitoki kwenye mtihani. Nikajiaminisha kuwa Dar kwenye chuo kikubwa lazima yupo mtu wa kunijibu.

Baba alipoulizwa alisema chuo chochote kinafaa mradi kina mlango. Mama ndiye aliyekuwa na shughuli. Alitaka nibaki, lakini kusema wazi hataki.

"Mimi sikukatazi, mwanangu," akaniambia. "Sali istikhara. Utaonyeshwa."

Wale wasioijua, istikhara ni sala ya kumuomba Mungu akuchagulie la kheri unapokuwa njia panda. Kwetu hapaozwi mtu, hapanunuliwi kiwanja, hapasafiriwi, mpaka isaliwe. Na majumbani mwetu wengi tumekua tukiamini kuwa ukishasali unalala, na jibu linakuja kwa ndoto.

Nikasali. Nikalala.

Nikaota nimebeba ndoo ya maji, napanda ngazi za jumba letu.

Asubuhi mama kaniwahi jikoni. "Umeonyeshwa nini?"

Nikamwambia. Akaacha kukoroga chai.

"Maji ni safari," akasema. Moyo wangu ukaruka. "Lakini hebu nambie, ulikuwa unapanda kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Basi ushajibiwa," akarudi kwenye chai yake.

Mimi sikukubali. Nikasali tena, nikaota paka. Nikasali tena, sikuota kitu. Hapo ndipo ujinga wenyewe ulipoanza: ndoto zilipokatika nikahamia kwenye alama za mchana.

Nikapita Darajani, nikamuona kijana kavaa fulana ya kile chuo cha Dar. Alama! Nikaenda kula urojo, watu wawili pembeni yangu wanazungumzia boti ya Dar. Alama! Nikafungua ukurasa wa chuo cha Unguja, umeme ukakatika. Subhanallah, alama kubwa kabisa!

Nikampigia Salma, rafiki yangu tangu madrasa, ambaye siku hizi anafundisha watoto Kurani. Nikamsimulia yote, kuanzia ndoo mpaka umeme. Alinisikiliza mpaka mwisho, si kawaida yake.

"Juzi kwenu maji yalikatika?" akauliza.

"Yalikatika."

"Ukabeba ndoo?"

"Nikabeba."

"Basi umeota ndoo. Na huo umeme, kwetu pia ulikatika, na mimi sikuchaguliwa chuo chochote. Na nani hapa mjini anayekaa siku nzima hajaitaja Dar?"

Kisha akaniuliza:

"Hiyo dua ya istikhara unaijua?"

"Nimeihifadhi tangu tuna miaka kumi, wewe si ulikuwepo?"

"Nisomee maana yake. Kwa Kiswahili."

Wakuu, aibu tupu. Nilikuwa nimeisema kila usiku kwa Kiarabu safi, huku akili iko Dar. Nikaanza kuitafsiri polepole: ewe Mola, kama jambo hili ni kheri kwangu, niandikie na unifanyie wepesi, na kama ni shari, liepushe nami, nami niepushe nalo.

"Ndoto iko wapi hapo?" Salma akauliza.

Haimo.

"Utafanyiwaje wepesi na wewe umelala? Si uanze kutembea, uone njia ipi inafunguka! Umemuuliza mtu hata mmoja anayesoma huko?"

Sikuwa nimemuuliza hata mmoja. Nilikuwa nimewauliza paka na urojo.

Nilipokata simu nikaona aibu ya aina nyingine. Mtu anataka kusoma Fizikia, halafu anahesabu fulana za Dar tu. Fulana za vyuo vyengine zilipita mbele yangu pia, sikuzihesabu. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, nilikuwa natafuta mashahidi.

Nikaanza kutembea.

Nilifungua uzi humu humu, kwa jina jengine, nikauliza nani anasoma Fizikia Dar. Baada ya wale wa "utakula nini", mmoja akanifuata PM. Alikuwa mwaka wa mwisho. Mkuu, kama unasoma hapa, Mungu akulipe.

Nikamuuliza chuo ni kizuri? Akajibu kwa swali: "Wewe ni mtu wa kujipenyeza au mtu wa kusubiri?"

Akanieleza kuwa walimu wapo wa kila fani na kozi za kuchagua ni nyingi, hata za nyota na sayari zipo. Lakini miaka ya mwanzo wanafunzi ni wengi, na maabara mnaingia kikundi kizima kwenye kifaa kimoja. "Mmoja anashika kifaa, wengine wanaandika anachosoma. Ukiwa mpole, utafika mwaka wa pili hujagusa kitu. Mimi nilipigana, nikagusa."

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Nilijijua. Mimi ndiye ningekuwa mwandishi wa kikundi. Mtu anayejishauri kwa mkate hawezi kumnyang'anya mwenzake kifaa.

Kesho yake nikaenda chuo cha Unguja bila miadi. Mlinzi akanielekeza maabara ya Fizikia, nikamkuta mwalimu wa kike, Dokta Nasra, kakaa chini na bisibisi mkononi, mbele ya kifaa kilichofunguliwa tumbo.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana. Nimechaguliwa hapa, sijathibitisha. Nilikuwa nataka kuona maabara."

"Haya, ona." Akanyoosha bisibisi. "Kile kimekufa. Kile kizima. Kile pale kizima, lakini mpaka ukibembeleze."

Maabara ilikuwa ndogo kweli, feni moja, madirisha yamefunguliwa yote. Nikauliza kifaa kimoja mnatumia watu wangapi.

"Kila mtu na chake, mpaka kife. Fizikia haina mashabiki, mwanangu. Tuko wachache."

Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza habari ya ukuta wangu. Nikaeleza yote: alasiri, magharibi, isha, nyumba ya bibi. Nikasubiri jibu nililolisubiri tangu utoto.

Akaniuliza: "Umepima?"

"Nimegusa."

"Mkono unasema moto, baridi, basi. Ukuta unapanda joto kuanzia wakati gani? Unafika kileleni lini? Wa bibi yako haupandi kabisa, au unapanda na wewe hujui?"

Akafungua kabati, akatoa kipimajoto, akanipa mkononi pamoja na namba yake ya simu.

"Nenda kapime. Na ukiamua kwenda Dar unirejeshee kwanza, usinivushie bahari."

Nikarudi nyumbani nimekishika kama yai.

Nikakitundika kwenye msumari chumbani. Mama akasimama mlangoni.

"Sasa ukuta unaumwa?"

Nikakipiga picha, nikamtumia Dokta kwa fahari, pamoja na vipimo vya alasiri hiyo. Akajibu: "Umepima hewa. Ukuta ulikuwepo kama shahidi tu."

Kha! Nilicheka peke yangu. Nikakitoa, nikakigandisha na ukuta kwa gundi ya karatasi, juu yake nikaweka kipande cha sponji ili hewa ya feni isikiguse. Nikaanza upya siku iliyofuata.

Alasiri, jua likiwa kali nje, ndani kimya. Karibu na magharibi kikaanza kupanda. Adhana ya isha inasomwa, bado kinapanda. Kisha kikasimama. Mama alikuwa kashasahau kunidhihaki, yuko nyuma yangu ananong'ona, "Kimepanda tena?"

Kesho yake nikakipeleka kwa bibi. Kwenye ukuta wake wa magharibi hakikusogea, asubuhi mpaka isha. Bibi akauliza kama kimeharibika.

Usiku huo wa Alhamisi nilikuwa nimekaa kitandani, nikagundua kuwa tangu nipewe kile kipimajoto sijatafuta alama hata moja. Nilimuona mtu na fulana? Sijui. Nilikuwa natazama ukuta.

Nikafungua mfumo kwenye simu. Nikafikiri hivi: Dar ningepewa jibu. Hapa nimepewa kipimajoto.

Nikaingiza namba ya chuo cha Unguja. Nikabonyeza. Umeme haukukatika, na nakiri kwamba hilo nalo nililiwaza kidogo.

Nilipomwambia mama alifurahi mpaka akatoa vileja, biskuti zetu za wageni. "Si nilikwambia? Ulikuwa unapanda kwenda nyumbani."

Nikamuachia ushindi wake.

Sasa wakuu, msinielewe vibaya. Sisemi chuo kidogo ni bora kuliko kikubwa, wala msiende Dar. Yule mkuu wa PM alijipenyeza, akafaidi. Mimi kuna vitu nilivikosa. Kozi za nyota sikuzipata, nimezisoma mwenyewe kwenye simu na nusu sijazielewa. Masomo ya ualimu mengine yalinichosha mpaka nikalia. Kile kifaa cha kubembelezwa kilikufa mikononi mwangu, mwaka wa pili, na Dokta hakunisemesha siku nzima.

Lakini kila kifaa kilichokuwemo mle nimekigusa. Na mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kuta: ya kwetu na ya bibi.

Jibu lenyewe, kwa wanaosubiri: joto la jua linatembea ndani ya ukuta, na linatembea polepole. Ukuta wetu wa zege ni mwembamba, kwa hiyo linachukua masaa kadhaa na kutokea upande wetu jua likiwa lishazama. Ukuta wa bibi ni mnene mno. Joto liko njiani, usiku unaingia, nje kunapoa, na sehemu kubwa inarudi ilikotoka kabla ya kufika. Kinachofika ndani ni kidogo mno, kipimajoto changu hakikukiona.

Somo nililolipata: usiulize chuo gani kizuri. Jiulize wewe ni mtu wa namna gani mkiwa kikundi kwenye kifaa kimoja. Kisha nenda ukaone maabara, usiridhike na picha za kwenye tovuti. Uliza nani anagusa nini. Nenda na swali lako moja la kweli, usikilize wanalifanyaje. Na ukisali, amka utembee.

Waliosoma Fizikia vyuo vyengine, mlichaguaje? Na wewe uliyeshika namba mbili kwenye simu sasa hivi, swali lako ni lipi? Lete hapa tulipime.

Mimi naishia hapa. Magharibi ishasaliwa, na mama kapita kaweka kiganja ukutani, kama afanyavyo kila jioni tangu siku ile ya kipimajoto.

"Joto limefika," anasema, utadhani anapokea mgeni kutoka safari.

Naenda kufungua madirisha.