Kisahani cha Juu ya Mlango

Juu ya mlango wetu wa Mji Mkongwe kuna ubao wa nakshi, na katikati ya ubao kuna duara lenye vitundu pembezoni. Mimi tangu nilipoolewa nikaletwa nyumba hii naliona ua. Marehemu mume wangu naye alikuwa akiliona hivyo hivyo, mpaka alipopata simu ya picha.

Humo alikuta picha za kale: michoro ya mapangoni yenye watu wa vichwa vikubwa, picha za makanisani zenye visahani mawinguni. Wanaozieleza husema ni vyombo vilivyotoka nje ya dunia, na watu wa zamani walichora walichokiona. Siku ile alitoka barazani na kikombe chake cha kahawa, akatazama juu, akaniita.

"Naam," nikaitika.

"Njoo uone. Kumbe tunaishi chini ya chombo miaka yote hii."

"Ua hilo, bwana."

"Ua gani lina madirisha?"

Basi ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Wapita njia wakimtania, "Wageni wako hawajatua bado?" Naye hujibu, "Wanamwogopa mke wangu." Kila Ramadhani ikikaribia alipanda ngazi kulipaka mafuta duara lile, mimi nimeishika ngazi, tunabishana mpaka ashuke.

Asubuhi aliyopelekwa hospitali alisimama mlangoni, akainua kidole. "Weye hujapata kulitazama. Unabisha tu."

Ilikuwa kweli. Nikamwahidi kuwa akirudi nitalitazama kwa moyo safi. Hakurudi.

Nikakaa eda. Nakshi iko upande wa nje na mimi niko ndani, nikawa nauona mgongo wa ule ubao tu, mtupu, una utando wa buibui. Ahadi ile ikanikaa kifuani. Nikaomba, siku nitakayotoka, nione chombo. Nilitaka kumpa japo hilo.

Nilipomaliza eda, wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kutoka Kikwajuni. Nikamweleza. Tukasimama njiani sote wawili, shingo juu. Nikalitazama kama nilivyoahidi, nikayafuata kwa macho yale madirisha yake, moja moja. Mafuta yalikuwa yamekauka, vumbi limejaa.

"Haya, wifi, wasemaje?" akaniuliza.

"Ni ua."

"Jamani! Sema chombo mara moja tu, roho yake ifurahi."

"Nikisema chombo, atajua sikutazama."

Wifi akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nikaingia ndani nikatoa ngazi na chupa ya mafuta. Safari hii aliyeishika ngazi ni yeye. Nikapaka taratibu, kila kitundu, uso wangu karibu kabisa na ubao.

"Ua hili, bwana," nikasema.

Nikamwachia nafasi aulize habari ya madirisha.