Nilimuua baba mdogo kwa mdomo ili nipate ruhusa ya kwenda kumlilia mwanamuziki wa rock

Habari za jioni wakuu.

Naandika hapa nimekaa kwenye ngazi za darasa la nne, wanafunzi wameshaondoka. Uzi huu nimeufuta mara tatu. Leo sifuti, na sijaongeza chumvi hata punje. Mtakaotukana tukaneni tu, nimejiandaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Hanang, Manyara. Ni Mwiraqw, kwetu Nangwa, chini ya mlima.

Na ni shabiki wa rock.

Ndiyo, rock. Magitaa ya umeme na mtu anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inatoka. Wale wa "muziki wa shetani huo" pitieni nyuzi nyingine, hapa mtachelewa bure.

Sasa kuna mwanamuziki mmoja mkubwa wa nje amefariki. Jina silitaji, maana nawajua, mtaacha kusoma muanze kubishana kama alikuwa namba moja au namba mbili. Mimi nitamuita Fundi. Hilo jina alipewa na baba mdogo wangu.

Ngoja nimtambulishe baba mdogo kwanza, maana uzi ni wake.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Mdogo wake, Baba Tluway, akanichukua akanilea. Wakati huo alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, enzi ambazo kulikuwa na wazungu. Mzungu mmoja wa mitambo alipomaliza mkataba wake alimwachia redio ya kaseti, kaseti tisa, na picha kubwa ya jamaa kashika gitaa.

Kaseti zote tisa ni za huyo huyo jamaa.

Baba mdogo Kiingereza hajui. Jina la jamaa lilimshinda, akamuita Fundi. Alikuwa anasema mtu anayekaza nyuzi mpaka zikatoa sauti ile, ukimpa injini ataitengeneza. Betri zikiisha anazianika juani juu ya bati, jioni anazirudisha, tunapata nyimbo mbili au tatu kabla hazijafa tena.

Tukishafungia ng'ombe anakaa mlangoni, anaweka kaseti, ananiambia, "Sikiliza hapa. Sasa hivi anaanza kulia."

Na kweli gitaa linalia.

Wakuu, kwenye mazishi ya baba yangu mimi sikulia. Niliambiwa mwanaume halii. Nililia pale mlangoni, miezi mingi baadaye, nikisingizia gitaa. Baba mdogo alikuwa anageuka kuangalia mlima mpaka nimalize, hakuwahi kunisemesha lolote. Kila nikimkumbuka Fundi nakumbuka ule mlango.

Basi.

Tuna group la WhatsApp la mashabiki wa rock mkoa huu. Tupo kumi na moja, msicheke. Admin ni fundi wa kuchomelea kule Haydom. Yupo nesi mmoja, yupo dereva wa bodaboda wa Dongobesh, na wengine wa Mbulu na Babati. Tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Jumatano asubuhi nashika simu, group zima ni kilio. Fundi amefariki.

Nilifundisha hesabu siku ile bila kujua naandika nini ubaoni. Mchana admin akatuma voice note, sauti imekauka, akasema Ijumaa tukutane kwake Haydom, tukae msiba kama watu. Nikajibu nakuja.

Shida ikawa ruhusa.

Mwalimu mkuu wetu ni mama mmoja kutoka Mbeya, mtu mwema ila kwenye ruhusa amekaza. Ugua au fiwa, vinginevyo ingia darasani. Ningemwambia nini? Kwamba kuna mzungu kafa ng'ambo?

Alhamisi nikaingia ofisini, nikasema nimefiwa. Akauliza nani. Baba sina. Mama yupo hai, na kumtaja kwenye kifo nisingethubutu. Mdomo ukajibu wenyewe: baba mdogo, Mzee Tluway, aliyenilea.

Machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli. Nilikuwa namlilia Fundi.

Mama wa watu akasimama, akanishika mabega, akauliza msiba uko wapi. Nikasema nyumbani, Nangwa. Nikaongeza kwamba wasihangaike kuja, ni mbali.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimezaliwa huku, sina pa kujificha. Huku kwetu mfiwa yeyote husema msihangaike. Hiyo ni adabu tu. Akishaondoka watu wanaanza kutafuta usafiri.

Ijumaa asubuhi nikapanda basi la Haydom, nimevaa fulana nyeusi. Mnaojua basi lile mnajua, nusu ya abiria ni wagonjwa wanaenda hospitali. Pembeni yangu alikaa mama amempakata mwanae ana homa. Akaniangalia macho yalivyovimba, akaniuliza kama nina msiba. Nikaitikia. Akanipa pole, akaniombea hadi Basotu, na mtoto wake anachemka hivyo.

Nilijisikia vibaya, lakini sikushuka.

Haydom tulifika saba. Tulikaa kwenye mabenchi ndani ya karakana ya admin, katikati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi. Simu yangu ndiyo ilikuwa na albamu zote, tukaiunganisha na spika. Nikaiweka flight mode ili mtu asipige akakata wimbo.

Mnaopenda mikusanyiko ya rock mnajua ina fujo yake. Ile haikuwa na fujo. Watu wazima saba tumekaa tunaangalia sakafu. Nesi alilia tangu wimbo wa kwanza hadi akatoka nje. Baadaye admin akasema kila mtu aeleze alimjuaje Fundi.

Ilipofika zamu yangu nikaeleza niliyowaeleza nyie. Kombaini, kaseti tisa, betri juu ya bati, mlango, mlima. Nilieleza vizuri, na nilijua naeleza vizuri. Yule wa bodaboda akavua kofia.

Halafu nesi akauliza kwa upole, "Huyo baba yako mdogo mbona hukuja naye? Yeye ndiye mfiwa kuliko sisi wote."

Wakuu, tangu Jumatano nilikuwa sijampigia hata simu. Mzee ana simu ya kitochi, hana mtandao, huko Nangwa nani angemwambia? Nilimtumia kuombea ruhusa, halafu kumbukumbu zake nikaja kuwasimulia watu nisiowajua. Yeye mwenyewe nikamsahau.

Ningesema hivyo tu. Wangenielewa.

Nikasema, "Alishafariki."

Wote wakasimama. Admin akazima spika, tukakaa kimya dakika nzima kwa ajili ya Fundi na kwa ajili ya Mzee Tluway. Na mimi nilisimama nikainamisha kichwa.

Nililala kwa admin. Jumamosi nawasha simu kituoni, meseji zikaanza kumiminika za kwamba nilitafutwa. Simu kumi na nne, za mwalimu mkuu na za mama mdogo, mke wa baba mdogo. Nikapanda basi sioni mbele.

Yaliyotokea Nangwa nilisimuliwa na mama mdogo, jikoni, anapepeta mahindi na hanitazami.

Ijumaa saa tano walimu tisa walikuja. Akina mama wamejifunga kanga, wamebeba unga, sukari na maharage. Walianza kuimba nyimbo za msiba tangu barabarani. Majirani waliokuwa kwenye palizi wakasikia wakatupa majembe, maana kwetu kwenye msiba hakuna anayebaki shambani. Wote wakaelekea kwa baba mdogo.

Baba mdogo mwenyewe alikuwa anarekebisha boma la ng'ombe.

Mwalimu mkuu akamwamkia shikamoo, akasema, "Baba, tumekuja kumlilia Mzee Tluway, aliyemlea mwalimu wetu."

Mama mdogo anasema mzee alisimama na mti mkononi muda mrefu. Majirani wanamwangalia yeye, walimu wanawaangalia majirani. Kisha akasema, "Marahaba. Karibuni mkae. Tluway ni mimi. Kijana wangu alichanganyikiwa kwa uchungu. Aliyekufa ni kaka yangu wa upande wa Mbulu, naye ameenda huko kuzika."

Yule mzee hajawahi kusema uongo, hata wa kuuza ng'ombe. Siku ile aliusema mbele ya kitongoji kizima ili kibarua changu kisiote nyasi.

Walimu wakaomba radhi kwa aibu, wakaingizwa ndani, mama mdogo akabandika chai. Kumbe mwalimu mmoja kijana, katoka Dar mwaka huu, akaiona ile picha ya gitaa ukutani, imeshakuwa nyeusi kwa moshi. Akafurahi kukuta mzee wa Nangwa anamjua jamaa. Akasema, "Mzee, na huyu naye pole. Si amefariki juzi? Mtandao mzima wanamposti."

Baba mdogo akauliza, "Nani?"

Akaonyeshwa picha kwa kidole.

Akauliza tena, "Huyu? Fundi?"

Halafu akakaa chini, sakafuni pale pale, akalia. Mama mdogo ameishi naye zaidi ya miaka thelathini, anasema hajawahi kumwona akilia namna ile. Walimu wakajua sasa uchungu wa kaka yake ndio umemshika. Wakamzunguka, wakaanza wimbo mwingine wa msiba.

Hivyo ndivyo baba mdogo alivyopokea kifo cha Fundi. Alikuwa kwenye msiba wake mwenyewe, kati ya watu wasiomjua, na mimi ndiye niliyewatuma.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, hata ya Haydom. Sikuficha kitu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kusema nimekufa, sawa, shida ya kazi naijua. Lakini Fundi amekufa Jumatano. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Hukuniambia."



Akaingia ndani akatoka na redio, zile kaseti tisa kwenye mfuko wa salfeti, na koti lake la enzi za kombaini. Akaviweka mbele yangu. Wote tunajua desturi, msiba ukiisha ndugu wanagawana vitu vya marehemu.

"Chukua," akasema. "Wewe ndiye mtoto."

Nikamwambia nitaita wazee wa ukoo nimwombe radhi rasmi. Akasema, "Utawaita uwaambie nini? Kwamba marehemu ana kesi?"

Akaenda kuwatoa ng'ombe.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Mwalimu mkuu nilimweleza ukweli Jumatatu ile ile, nikapewa barua ya onyo na nilistahili. Alinipa bila kufoka, na ningependa angefoka. Nangwa naenda kila Jumapili. Shikamoo baba. Marahaba. Basi, hakuna neno la pili. Ile picha imetoka ukutani, limebaki pengo jeupe kwenye moshi. Mwezi uliopita niliirudisha redio, nikaiacha mlangoni ina betri mpya. Jumapili iliyofuata niliikuta pale pale, mama mdogo kaifunika na beseni isinyeshewe.

Funzo? Funzo langu ni fupi. Mkifiwa na mtu mnayempenda wote wawili, kabla hujaweka status, kabla hujapanda basi, mpigie yule aliyekufundisha kumpenda. Kwenye kifo cha Fundi nilikuwa na mtu wa kulia naye, mlango ule ule, mlima ule ule, na wakati ule nikaukosa kwa sababu nilikimbilia kulia na watu wa mtandaoni. Hautarudi tena.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki.

Jana admin katuma poster kwenye group. Fundi upande mmoja, upande wa pili jina la baba mdogo na mshumaa, chini kaandika pumzikeni kwa amani wazee wetu. Wote kumi wameweka emoji za kulia. Mimi tu ndiye sijaweka kitu. Najua wengine wa lile group mpo humu, na najua hapa ni rahisi kwangu kusema kuliko kule.

Kwa hiyo nasema mbele yenu wote. Mzee Tluway wa Nangwa yuko hai. Ana goti bovu na ng'ombe saba. Leo asubuhi nilipita na pikipiki nikamwona anawapeleka majini, nikapiga honi, hakugeuka.

Karibuni kwenye comment. Aliyewahi kumkosea mzazi aliyemlea kiasi hiki anieleze alirudije. Ila nawaomba kitu kimoja.

RIP ya Fundi wekeni. Ya baba mdogo msiweke.